Futi ya Mzee Garama

Chengo wa Garama hajui kukaa. Chai huinywa amesimama, na ukimkaribisha kiti atakishika mgongo kwanza, akitikise, aone kama miguu minne inalingana, kisha atakushukuru na kubaki wima. Pale Ukunda, nyuma ya soko, kwenye banda lake la useremala, kuna stuli za kuuza zimepangwa hadi barabarani, na hakuna hata moja aliyowahi kuikalia. Watu husema ana chawa wa makalio. Mkewe Mbinya, Mkamba wa kule Shimba Hills asiyemung'unya maneno, husema si chawa, ni mawazo, na mawazo yenyewe yametundikwa ukutani.

Alichosema ni kweli. Ukutani, juu ya misumeno, ilining'inia futi ya kukunja ya mbao ya manjano, bawaba zake za shaba, urefu wake futi mbili. Nasema futi mbili kwa kuwa ndivyo inavyojihesabu yenyewe. Lakini ukiilaza ubavuni mwa futi nyingine yoyote ya seremala, inazidi kwa robo inchi nzima. Huo ndio urithi pekee alioupata Chengo kwa babake, na huo ndio uliomharibia jina.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana asiyejua kisa cha baba hatamwelewa mwana.

Mzee Garama alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, na kazi yake ilikuwa katika kiwanda kimoja cha sukari huku kusini, enzi zile miwa ilipokuwa ikivutwa na viberenge, yale magarimoshi madogo ya mashambani. Karakana ya kiwanda ilikuwa na tanuri yake ndogo. Kifaa cha chuma kikivunjika hakikuagizwa ng'ambo. Kilisubiwa hapo hapo. Na kabla ya kusubu, lazima mtu achonge umbo la kifaa hicho kwa mbao. Umbo hilo mafundi huliita paterni. Hushindiliwa ndani ya mchanga wenye unyevu, likichomolewa linaacha nafasi yake, na nafasi hiyo ndiyo inayomwagiwa chuma kilichoyeyuka. Mchonga paterni wa kiwanda kizima alikuwa Garama. Nyumbani alionekana mara mbili kwa mwaka, na Chengo alilelewa na mamake na ng'ombe.

Kijana alipofika miaka kumi na saba, babake alikuja akamwambia, "Kesho tunaondoka pamoja. Nataka ukae kwenye benchi langu la kuchongea."

Chengo akakataa. Alikuwa na ng'ombe wake, na alikuwa na hasira zake pia. Mtu humwoni msimu mzima, kisha anakuja kukuamrisha? Akamjibu babake mbele ya wajomba na majirani, "Benchi lako likalie mwenyewe."

Lo! Mtoto kumwambia mzaziwe hivyo, tena hadharani! Mzee aliondoka alfajiri bila kumuaga mtu. Miezi minne baadaye akaletwa maiti. Homa ilimkamata kazini, na kwa siku tatu ikawa imemmaliza.

Siku ya maziko alikuja kijana mmoja wa karakana, nguo zake zimejaa masizi, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Chengo alikuwa amejificha zizini katikati ya ng'ombe, maana hakuweza kuyakabili macho ya watu. Yule kijana akasimama kwenye boma la miiba akamwita, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Chengo akanyoosha mkono mmoja tu kupokea, uso kautazamisha kwa ndama.

"Babako amekuachia hii," kijana akasema. "Ukiwa tayari, njoo karakana nikuoneshe matumizi yake."

Chengo akafungua kitambaa, akaona futi. Moyoni akasema: futi ni futi, nioneshwe nini? Hakwenda. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, lakini kamwambie hilo mtoto wa miaka kumi na saba mwenye kiburi na msiba kwa pamoja.

Ukame ukawamaliza ng'ombe. Chengo akashuka Ukunda, akajifunza useremala kwa fundi mmoja mkali, na alipoanza kujitegemea kazi yake ya kwanza ilikuwa mlango wa duka. Akapima kwa futi ya babake. Mlango ukakataa kuingia kwenye fremu. Mwenye duka hakumtukana, laiti angemtukana! Aliwaita wapita njia waje watazame. Kazi ya pili ilikuwa kitanda, na godoro likaelea humo ndani kama mtoto aliyevishwa kanzu ya babake. Hapo ndipo Chengo alipoazima futi ya jirani, akazilaza mbili pamoja, akaiona ile robo inchi. Lakini mji ulikuwa umeshambatiza: Fundi Zaidi. Akanunua futi nyingine, akapima kwa haki mwaka baada ya mwaka, na hata leo hakuna kabati lake lililorudishwa. Jina likabaki vile vile. Hoteli za Diani zikitaka viti humtuma mtu kwa "yule fundi mzuri, Zaidi," na wasemao hawajui hata limetoka wapi.

Jina angelivumilia. Kilichomtafuna ni jambo jingine: kwa nini baba ampe mwanawe futi ya uongo? Jibu alilolipata lilikuwa moja tu. Mzee alikufa hana radhi naye, na akamtumia kipimo cha uongo ili naye aaibike mbele za watu kama alivyomwaibisha yeye. Chengo alikwenda Kinango akawamwagia koma, mizimu ya wazee wake, tembo la mnazi, mara tatu. Alimwendea shekhe mmoja Msambweni akaombewa dua, ingawa mwenyewe msikitini huingia kurekebisha madirisha tu. Hakupona. Kila akikaa, swali lilikaa naye. Ndiyo maana akawa mtu wa kusimama.

Sasa, mwaka jana, Bi Mwanarusi akaingia bandani.

Bi Mwanarusi ni mwalimu mstaafu wa Msambweni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto hamsini. Alipostaafu hakutulia kufuga kuku kama wenzake. Yeye aligundua kiberenge kimoja cha zamani kimetelekezwa vichakani, mti umeota ndani ya kibanda cha dereva, akaapa kuwa kitatembea tena kabla hajafa. Akakusanya watu wa kujitolea: walimu, mafundi wa pikipiki, mama wawili wauza samaki ambao baba zao walikuwa wapiga makaa wa viberenge. Kila Jumamosi wanakwangua kutu. Lakini magurudumu yalikuwa manne, na mawili wauza vyuma chakavu walishayakata zamani na kwenda nayo.

"Shikamoo mwalimu," Chengo akasema.

"Marahaba, baba. Nimeambiwa mzee wako ndiye aliyekuwa akichonga paterni za kiwanda."

"Ndiye."

"Basi tuchongee gurudumu."

"Mwalimu, mimi nachonga vitanda."

"Kitanda kina miguu minne, na kiberenge kina magurudumu manne. Mbona mko karibu karibu?"

Mbinya, aliyekuwa akipiga msasa mlangoni, akacheka. Chengo hakucheka. Aliitazama ile futi ukutani, na wazo likamjia: nikiifanya kazi ya baba, kazi yake mwenyewe, tena kwa kipimo cha haki, bila kosa hata moja, basi itakuwa nimemlipa, na laana itakatika. Akakubali hata kabla hajaulizwa mara ya pili. Jioni hiyo akanunua futi kamba mpya ya chuma, na ile ya babake akaigeuza ielekee ukutani.

Wiki tatu alichonga, na kwa wiki tatu Mbinya aliishi na mtu aliyechanganyikiwa. Alitafuta mbao ya mkangazi iliyokauka vizuri, isiyojikunja. Bi Mwanarusi alimletea kipande cha paterni ya zamani kilichookotwa kwenye magofu ya ghala, naye akakisoma kwa vidole: mbavu zimeinamishwa kidogo ili mchanga usibomoke umbo likichomolewa, na pembe za ndani zimejazwa zikawa mviringo. Yote hayo aliyaiga. Magurudumu mawili yaliyosalia yalikuwa na kipenyo cha futi mbili kamili. Akaongeza robo inchi kwa ajili ya kukerezwa, maana gurudumu likitoka kwenye mchanga ni la mikwaruzo, na lazima mashine ilimenye liwe laini. Akapima asubuhi, akapima mchana, akapima na kuapa. Ilipokwisha, paterni ilikuwa nzuri kiasi kwamba mzungu mmoja wa Diani aliyekuja kununua stuli alitaka kuinunua aitundike sebuleni.

Mbuvi, fundi wa tuk-tuk aliyekuwa mkono wa kulia wa Bi Mwanarusi, akaivusha kivuko cha Likoni hadi kwa mzee mmoja wa kusubu chuma huko Changamwe, jina lake Swabir, aliyekubali kufanya kazi hiyo kwa hisani. Mzee huyo akauliza aliyeichonga ni nani.

"Chengo wa Garama," Mbuvi akajibu.

"Mwana wa Garama! Basi usinieleze mengi," Swabir akasema, na hakuuliza tena chochote. Wiki ile ile akasubu magurudumu mawili.

Jumamosi iliyofuata yaliletwa vichakani, kila mtu akakusanyika. Chengo alikuwa amevaa shati la sikukuu. Mbuvi akalaza futi kamba juu ya chuma, akalaza tena.

"Fundi, bana, hii imetoka futi mbili kamili. Haina chochote cha kumenya. Ikienda kukerezwa itarudi ndogo kuliko wenzake, na haya yote manne yanafungwa pamoja kwa fimbo za chuma. Itakataa."

"Haiwezekani," Chengo akasema.

"Pima mwenyewe."

Akapima. Robo inchi haipo. Ile ile robo inchi, wenzangu! Mtu mmoja nyuma hakuweza kujizuia: "Leo Fundi Zaidi amegeuka Fundi Pungufu!" Kicheko kikazuka, hata wale mama wauza samaki wakacheka. Bi Mwanarusi akawageukia mara moja na midomo ikafungwa, lakini neno likitoka halirudi.

Akamvuta Chengo kando. "Baba, kiwanja cha mzee Swabir kimeuzwa, kinajengwa maghala. Alhamisi ijayo atawasha tanuri kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuna mwingine wa kutusubia bure. Nafikiri tutafute mchonga paterni mwingine, kwa hizi siku zilizobaki. Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya, mwalimu," Chengo akasema. Alikuwa radhi ardhi immeze. Amejaribu kwa futi ya baba, ameongeza. Amejaribu kwa futi ya haki, amepunguza. Basi hasira ya mzee ilikuwa mikononi mwake yeye, si kwenye kile kipande cha mbao, na mikono mtu ataitupa wapi?

Paterni ilirudi pamoja na magurudumu, na siku ile hadi kiza aliipima mpaka Mbinya akamnyang'anya.

"Ina kosa?"

"Haina! Futi mbili na robo, kila upande nikigeuza!"

"Basi, mume wangu, kosa likiwa si lako, nenda ukawaambie. Likiwa lako, nenda ukawaulize. Kwa vyovyote utakwenda, maana ukibaki hapa utatoboa sakafu yangu kwa kutembea."

Asubuhi akafungasha. Paterni ndani ya gunia, gurudumu moja juu ya mkokoteni hadi kwenye gari la Mbuvi, na futi zote mbili, ile mpya na ile ya babake. Ya babake aliichukua kama mtu anavyomchukua shahidi wa upande wa pili. Alitaka waione, wajue kuwa si hiyo aliyotumia.

Kiwanja cha Swabir kilikuwa na paa la mabati yaliyobabuka, vilima vya mchanga mweusi, tanuri katikati, na kando yake benchi refu lililofunikwa kwa chekeche, makopo na magunia matupu. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, mikono yote miwili imejaa makovu madogo ya cheche.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Karibu, keti."

"Sikai. Nimekuja kwa habari ya gurudumu." Chengo akaitoa paterni, akaitua chini kwa kishindo. "Pima."

Swabir akaipima kwa ile futi kamba mpya. "Futi mbili na robo inchi."

"Umeona? Mbao yangu haina kosa. Kosa liko kwenye mchanga wako."

Mzee hakuudhika. Alikuwa akimtazama Chengo usoni kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani. "Na ile futi ya Mzee Garama," akasema, "hukuitumia?"

Chengo damu ikampanda. "Nani amekwambia habari za futi hiyo? Mbuvi? Hata huku mmeshafika kunicheka?" Akaichomoa kwenye gunia akaibwaga juu ya mchanga. "Hii hapa! Nimekuja nayo ili mjue kuwa sikupimia uongo!"

Swabir akainama. Kabla ya kuiokota alijifuta mikono kwanza, kitambaani, kidole kimoja kimoja, kisha akaiinua kwa mikono miwili.

"Nani amekwambia hii ni uongo?"

"Inazidi robo inchi!"

"Ndiyo kazi yake kuzidi. Haya, ikunjue. Pima paterni yako kwa futi ya babako. Inasemaje?"

Chengo akailaza juu ya mbao, kwa ubishi tu. Ncha ikagusa ukingo huu, ncha ikagusa ukingo ule. "Futi mbili kamili."

"Sasa chukua futi yako mpya upime chuma."

Akapima. "Futi mbili kamili."

"Enhe," mzee akasema.

Chengo akatazama mbao, akatazama chuma. Futi ya babake ilikuwa imeipima mbao na kutaja ukubwa wa chuma ambacho kingetoka.

"Chuma ni kama nyama, bwana," Swabir akasema. "Ukiitia chunguni imejaa, ukiipakua imenywea. Kikimwagwa kinajaza nafasi yote, kikipoa kinanywea, na hajazaliwa fundi wa kukizuia. Kwa hivyo mchonga paterni hapimi kwa futi ya seremala. Ana futi yake, iliyorefushwa kiasi kile kile ambacho chuma kitanywea. Wewe unahesabu inchi zako kama kawaida, yenyewe inakuongezea. Asiyejua huiona ndefu. Anayejua haiazimi hata kwa nduguye wa tumbo moja. Mbuvi aliponiambia paterni ni ya mwana wa Garama, sikuhangaika kuipima. Nilijua anayo futi hii, maana niliipeleka mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilisimama kwenye miiba ya zizi nikakuita mara tatu."

Chengo akatafuta pa kujishika, akakosa, akakaa. Alikaa juu ya sanduku la mchanga, mavumbi yakamjaa suruali, wala hakuangalia kama lina miguu. Na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hasira. "Mbona hukuniambia pale pale? Neno moja tu! Miaka thelathini na tisa, mzee! Miaka thelathini na tisa namlaumu maiti!"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unamtazama ndama." Swabir naye sauti ilikuwa imempanda. "Nilikwambia uje. Nikakungoja. Kila lori la kutoka Kinango likija, natoka nje kuangalia. Msimamizi akitaka kuweka mtu mwingine kwenye lile benchi, namwambia la, mwenyewe yuko njiani. Miezi mitatu nimesema uongo kwa ajili yako, kijana."

Kijana! Na mvi zile. Chengo akafuta uso kwa kiganja, akauliza lile swali aliloliuliza koma na shekhe, na sasa lilitoka kwa sauti ya mtoto. "Alikuwa amenikasirikia?"

"Sana. Sitakuficha. Aliporudi kutoka kwenu alisema hutaligusa benchi lake maisha. Alisema hivyo hadi wiki ile ya homa. Siku ya pili akaniita, akanielekeza futi ilipo, akasema, 'Mpelekee yule kijana. Ni mkaidi kama mimi, lakini atakuja.'" Mzee akaikunja futi taratibu, akamrudishia. "Mtu hampi futi hii mtu asiye na radhi naye. Kama hakuwa radhi nawe, angenipa mimi. Wallahi niliitaka."

Chengo akalia pale pale kwenye mchanga, mbele ya Mbuvi na mafundi wengine wawili, na hakuna aliyecheka.

Siku zilikuwa nne. Bi Mwanarusi alipigiwa simu akasikiliza, akasema tu, "Alhamisi ni Alhamisi, baba, usinichelewe." Paterni ya kwanza haikufaa kuongezwa viraka, ikabidi ichongwe upya. Chengo akarudi bandani, akachukua mbao nyingine ya mkangazi, na mbele ya soko zima akapima kwa futi ya manjano. Waliopita wakasimama.

"Fundi Zaidi! Umeirudia ile ya uongo?"

"Nimeirudia," akawajibu, randa mkononi. "Zaidi ndiye mimi. Nenda ukawaambie."

Msidhani alitulia. Mbinya anasema alikuwa hoi kuliko mara ya kwanza, maana sasa kosa lingekuwa lake mwenyewe, bila baba wa kusingizia. Alikosea spoki moja akaitupa, akachonga nyingine. Jumatano jioni akaipaka vanishi, Alhamisi asubuhi ikavuka kivuko ikiwa bado inanata. Swabir akaipima kwa futi kamba ya kawaida, akatabasamu. Akasubu magurudumu mawili, kisha akaiacha tanuri ipoe na haikuwashwa tena.

Jumamosi Mbuvi akalaza futi kamba juu ya chuma. Futi mbili na robo. Yakaenda kukerezwa, yakarudi futi mbili, yakafungwa kwenye ekseli, na Bi Mwanarusi akapitisha kidole gurudumu hadi gurudumu kama anayetafuta vumbi dawatini, asipate pa kugombeza. Moto hawajawasha bado. Boila ina kazi yake. Lakini kiberenge kilisukumwa juu ya kipande cha reli walichokitandika, urefu wa nyumba mbili, wale mama wauza samaki wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na aliyesema Fundi Pungufu akaja kuomba radhi mwenyewe.

Chengo hakukaa kula pilau. Alikuwa amepewa habari kwamba Mbuvi amepita kwa mzee Swabir, aliyekuwa akikihama kiwanja chake, na kwamba kuna mzigo wake bandani.

Mzigo wenyewe ulikuwa lile benchi refu la kiwanjani. Mzee alikuwa ameondoa chekeche na makopo, akalisugua, akalileta kwa gari la Mbuvi kupitia Likoni. Mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni mwake, kofia mkononi. Kiwanda kilipokufa, akasema, kila mtu alibeba alichoweza, na yeye alibeba hili benchi la Garama. "Sikulifanyia kazi. Niliwekea vitu tu. Mwenyewe alikuwa njiani."

Chengo akalizunguka. Mbao zilikuwa zimechakaa katikati, mahali ambapo kifua cha mtu huegemea. Na kwenye ukingo wa mbele, upande wa mkono wa kulia, palichongwa kijifereji chembamba, urefu wake futi mbili na kitu, kina chake kidole, kimejaa vumbi jeusi la miaka yote hiyo. Akalitoa vumbi kwa ncha ya patasi. Kisha akaishusha ile futi kutoka ukutani, akaikunjua yote, akailaza pale.

Iliingia. Haikuzidi hata unywele.